Fensi ya miti mchanganyiko inanyauka, inageuka njano au imedumaa? Anzia kwenye mzizi

Jamani kila mvua zikiisha naulizwa maswali yaleyale na majirani. Mtu kanunua miche yake ya duranta na bogenvilia, kachanganya na haibiskasi kidogo na michongoma kona ya nyuma, kamwita kijana kachimba vishimo kachomeka yote siku moja ikaisha, miezi mitatu baadae nusu imekauka na iliyobaki ni ya manjano, alafu anakuja kuuliza nipige dawa gani. Mara nyingi hakuna dawa ya kupiga hapo. Tatizo liko chini, udongo haukufunguliwa kabla ya kupanda, na ukishaweka mche kwenye udongo uliofungwa hata umwagilie vipi utahangaika tu.

Mimi nimepitia hili hili. Kiwanja changu kiko upande wa Pugu, Dar es Salaam, vile vilima vinavyojulikana kwa kaolini, yani mfinyanzi mweupe, ukichimba nusu futi tu unakutana na mfinyanzi mgumu, na juu yake mafundi waliacha kifusi na mabaki ya zege walipomaliza nyumba. Nilipanda hivohivo bila kuandaa chochote nikapoteza zaidi ya theluthi ya miche, na hela ya miche sio ndogo. Kwa hiyo haya nayoandika nimeyaona kwangu na kwa watu niliowasaidia kuchimbua fensi zao, kuanzia Kigamboni kwenye kichanga mpaka huku kwetu kwenye mfinyanzi.

Kabla hujanunua kitu chochote, fanya haya matatu

Ng'oa mche mmoja uliokufa na mwingine unaoumwa, usiuvute kwa mkono, chimba pembeni kwa sepetu utoe na udongo wake. Angalia mizizi. Myeupe au kahawia hafifu na inatoka nje kwenda kwenye udongo mpya, hiyo ni mizima. Myeusi, inateleza, ukiivuta ganda linachomoka unabaki kama uzi, na udongo unanuka kama yai viza, hapo mche umezama maji. Imezunguka palepale kwenye umbo la kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche, haijatoka nje hata kidogo, hapo tatizo ni shimo au kiriba. Imetafunwa, tafuta mchwa.

La pili, chimba shimo la futi moja na nusu katikati ya mstari wa fensi, lijaze maji, acha yanywee yote, jaza tena alafu angalia saa. Yakiisha ndani ya dakika chache una kichanga, maji na mbolea vinapita tu havikai. Yakichukua saa kadhaa uko vizuri. Ukiamka kesho yake ukayakuta bado yapo, una mfinyanzi ulioshindiliwa na hapo usipande kitu mpaka ufungue udongo.

La tatu ni kwa wanaotumia maji ya kisima. Chukua maji kidogo kwenye sufuria chemsha mpaka yakauke. Ikibaki ganda nene jeupe ujue kuna chumvi nyingi au chokaa, usilipuuze, ntalirudia hapo chini.

Dalili: miche inanyauka wiki mbili tatu za mwanzo na unamwagilia kila siku

Hii ndio nasikia kuliko zote. Sababu ya kwanza kabisa ni kiriba. Vijana wanaopanda kwa kuhesabiwa miche wana haraka, wanachana kiriba chini tu au hawakitoi kabisa, mzizi unabaki umefungwa kwenye nailoni nyeusi ndani ya ardhi. Nilichimbua duranta moja iliyokaa miezi nane, ikatoka na umbo la kiriba vilevile, mizizi imejizungusha duara juu ya duara kama uzi kwenye bobini ya cherehani, ukiushika ule udongo ni mkavu kabisa wakati pembeni kuna tope. Maji yalikuwa yanapita nje. Ukikuta hivo kwenye mche ambao bado uko hai, utoe, chana ile mizizi ya duara kwa wembe sehemu tatu nne kutoka juu kwenda chini, loweka bonge lote kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, panda upya jioni na uweke kivuli cha makuti siku kumi hivi. Ila bogenvilia usiifanyie fujo, mizizi yake inakatika kirahisi sana, hiyo chana kiriba ubavuni taratibu ukiwa umeshaiweka kwenye shimo na bonge lisivunjike.

Sababu ya pili ni shimo lenyewe kugeuka chungu. Ukichimba mfinyanzi ukiwa umelowa, jembe linasugua kuta za shimo zinang'aa kama chungu kilichopigwa msasa, wala mzizi haupiti wala maji hayatoki. Mvua ikinyesha shimo linajaa, mche unasimama kwenye maji, na dalili ya mche uliozama ni ileile ya mche wenye kiu, majani yanalegea. Mtu akiona hivo anaongeza maji. Hapo ndio anaumaliza. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia ingiza kidole au panga kwenye udongo mpaka kama sentimita 15, kukiwa na unyevunyevu usimwagilie leo. Kurekebisha, kwaruza kuta za shimo kwa mtaimbo au uma wa bustani mpaka ziwe na makwaruzo ya kina, na panda mche juu kidogo, bonge lizidi usawa wa ardhi kama vidole viwili, alafu vuta udongo kutengeneza tuta.

Ya tatu, samadi mbichi. Samadi iliyotoka zizini wiki hii inaunguza mizizi. Ukiishika ikawa bado ya moto au inanuka mkojo, iache irundikwe miezi mitatu mpaka ipoe na iwe nyeusi inayomeguka. Hilohilo ni kwa mbolea ya DAP iliyomwagwa ndani ya shimo ikagusana na mzizi.

Ya nne ni mchwa na sota. Sota anakata mche mdogo usawa wa udongo usiku, asubuhi unakuta umelala kama umekatwa na mkasi, ukichimbua na kijiti pale chini unamkuta kajikunja. Mchwa wanaanza na kilichokauka, vijiti, majani makavu yaliyobanana na shina, ndio wanahamia kwenye mche uliodhoofika. Sogeza matandazo kiganja kizima mbali na shina, ondoa mbao na mizizi mifu ya zamani iliyobaki ardhini. Mchwa wakiwa wanaelekea nyumbani, yani umeona vichuguu vidogo vya udongo vinapanda ukutani, acha mambo ya fensi kwanza uite watu wa kupuliza dawa wenye leseni, usimwage sumu mwenyewe karibu na kisima au tenki la maji la chini.

Dalili: majani yanageuka njano

Hapa lazima uangalie majani yapi, maana watu wote wanasema tu "yamekuwa njano" wakati ugonjwa ni tofauti.

Majani ya chini, ya zamani, ndio yanaanza njano yote alafu yanadondoka: kama udongo umelowa muda wote ni maji yamezidi, rudi kwenye lile jaribio la shimo. Kama udongo uko sawa basi ni njaa ya naitrojeni. Na kuna kosa moja linafanyika sana, watu wanachanganya maranda ya seremala au pumba za mpunga ndani ya udongo wakidhani ndio mboji. Vile vitu vikianza kuoza vinakula naitrojeni ya udongo, mche unakosa. Viweke juu kama matandazo, usivizike. Kutibu, mbolea ya CAN kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, mwaga duara umbali wa shubiri moja toka kwenye shina, fukia kidogo, mwagilia. Kizibo kimoja, sio ngumi.

Majani machanga ya juu ndio njano lakini mishipa imebaki kijani: hii niliiona kwangu kwenye haibiskasi zote zilizokuwa karibu na ukuta, na mita tatu mbele zilikuwa za kijani nzito, miche ileile siku ileile. Nikachimba nikakuta mafundi walimwaga mabaki ya udongo wa kupigia plasta pale. Saruji na chokaa vinafanya udongo uwe na alkali nyingi, madini ya chuma yapo lakini mche hauwezi kuyachukua. Ukimwaga urea hapo haisaidii. Dawa ya kweli ni kutoa kile kifusi, chimba futi mbili upana kina futi moja na nusu, toa mabonge ya zege na plasta yote, jaza udongo mzuri na mboji. Mbolea ya chuma ya kupuliza kwenye majani inauzwa maduka ya pembejeo na inarudisha rangi kwa muda, lakini kama kifusi kipo njano inarudi.

Kama umejaribu vyote na mstari mzima bado ni njano, peleka udongo ukapimwe. Maabara ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wanapima, na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Muheza, wanahusika na udongo. Chukua vijiko vya udongo sehemu kumi tofauti za mstari, changanya, kausha kivulini. Ukishajua pH yako, yani kipimo cha asidi na alkali kwenye udongo, unaacha kubahatisha.

Dalili: kingo za majani zinaungua, kahawia, kama zimepitiwa na moto

Kwa watu wa Kigamboni, Mbezi Beach na popote karibu na bahari, shuku maji ya kisima kwanza. Chumvi inajikusanya kwenye udongo kidogo kidogo, hasa kiangazi, na ukimwagilia kidogokidogo kila siku ndio inazidi maana maji yanakauka chumvi inabaki palepale juu. Utaona unga mweupe wa chumvi juu ya udongo ukikauka. Bora umwagilie mara mbili kwa wiki lita kumi kila mche kuliko lita moja kila siku, ili maji yasukume chumvi chini, na kinga maji ya mvua kwenye mapipa kwa ajili ya miche michanga. Bogenvilia inavumilia chumvi kuliko haibiskasi, kwa hiyo kama maji yako ni hayo basi geuza mchanganyiko wako, usipigane nayo.

Sababu nyingine ni mbolea ya chumvichumvi iliyozidi, na upepo wa bahari wenyewe, huo utaujua kwa sababu upande mmoja tu wa mti ndio unaungua.

Dalili: haifi, ila mwaka mzima iko vilevile

Hii inaumiza roho kuliko hata mti uliokufa, maana uliokufa unajua cha kufanya. Kwa udongo ambao haukuandaliwa, sababu kubwa ni kushindiliwa. Magari ya mchanga na kokoto yalipita pale wakati wa ujenzi, udongo umekuwa kama sakafu. Chukua nondo nyembamba isukume chini kwa mkono siku moja baada ya mvua. Ikigoma kabla ya futi moja, na mzizi nao umegoma palepale.

Wengi wanadhani lazima wang'oe kila kitu waanze upya. Hapana. Kama miche iko hai chimba mtaro upande mmoja tu wa fensi, umbali wa sentimita 40 hivi toka kwenye mashina, upana wa jembe, kina futi moja na nusu. Udongo wa juu weka upande huu, wa chini weka upande ule, usichanganye. Tekenya chini ya mtaro na mtaimbo. Rudisha udongo wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na debe moja la mboji au samadi iliyooza kwa kila mita, wa chini urudi juu na wenyewe upate mboji. Ule upande mwingine usiuguse mpaka msimu mwingine, maana ukikata mizizi pande zote mbili kwa pamoja mti unaanguka. Fanya hii wakati mvua zinaanza, kamwe sio Januari au Agosti.

Sababu ya pili ni magugu. Ukoka na ndago zinakula maji na mbolea kabla mche haujapata. Palilia upana wa futi mbili kila upande kisha weka matandazo, hata makumbi ya nazi, unene wa vidole vinne. Nimeona fensi iliyokaa miaka miwili magotini ikapanda mpaka kifuani kwa msimu mmoja kwa kuondoa ukoka tu.

Alafu angalia jirani. Mwembe au mwarobaini mkubwa mita tano toka hapo mizizi yake iko chini ya fensi yako. Pale sehemu hiyo panda kitu kigumu kama michongoma, ile kayaba ya watu wa Kenya, ila ujue inaanza polepole sana usiikatie tamaa.

Mizizi ikiwa na vinundunundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo. Usihamishe mche huo wala udongo wake sehemu nyingine, na mwite bwana shamba aone.

Dalili: mti mmoja unameza wenzake, au chini kuna matundu mbuzi anapita

Hii ni ya mchanganyiko hasa. Bogenvilia ukiipanda nusu mita toka kwa kayaba, mwaka wa pili hutaiona kayaba. Nafasi toka mche mpaka mche, duranta ni sentimita 45, haibiskasi karibu mita, bogenvilia mita au zaidi, na panda kila aina kwenye kundi la miche mitatu mitano badala ya kupokezana mmoja mmoja. Matundu ya chini yanatokana na huruma: watu wanasubiri fensi ifike kimo ndio waanze kukata. Kata mapema, mche ukifika magotini kata theluthi ya juu, utatoa matawi pembeni. Na ukipunguza weka chini pana kuliko juu, ili jua lifike chini.

Dalili: pamba nyeupe, majani kunata, au masizi meusi

Ni wadudu wanaoitwa vidung'ata, hasa kwenye haibiskasi, na masizi ni ukungu unaoota kwenye uchafu wao mtamu. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka ujue ndio wanaowalinda. Kata ncha zilizojikunja zichome, pulizia maji ya mpira kwa nguvu, alafu maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita, jioni, rudia kila wiki mara tatu. Kwa walioko Arusha, Kilimanjaro au Kenya wenye fensi ya misaiprasi inayokauka kahawia tawi kwa tawi, shuku kidukari wa msaiprasi, yule aliyeonekana Malawi 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990 akamaliza fensi nyingi za watu. Udongo hauhusiki hapo, usihangaike kuchimba mitaro, mwite mtu wa misitu.

Minyaa: inaoza chini

Kijiti kilipandwa kibichi. Ukikata minyaa weka kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndio upande, na usimwagilie mpaka ichipue. Na tafadhali sana, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, mtu anaweza kupoteza kuona. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Ukiingia osha jicho na maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, usifikiche, na nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Wapi uache na uite mtu

Ukichimba ukakutana na mkanda wa plastiki wa tahadhari, bomba la kebo au waya wowote, acha sululu hapohapo, usiguse, toka kwenye shimo uwapigie TANESCO au fundi umeme aliyesajiliwa. Bomba la maji likipasuka funga koki ya mita kwanza.

Udongo ukiwa umelowa muda wote sehemu moja na unanuka choo, hiyo sio mvua, kuna shimo la maji taka linavuja au mfuniko umeoza. Usisimame juu yake, watu wametumbukia. Mwite fundi wa mashimo.

Ukuta una nyufa au umeinama upande unaotaka kuchimba mtaro, usichimbe kabla fundi ujenzi hajaona. Na kama bikoni haionekani au jirani anabishia mpaka, mtafute mpima ardhi kabla ya kupanda hata mche mmoja, fensi iliyokomaa kuihamisha ni kuiua.

Mtoto akila matunda ya duranta, yale madogo ya rangi ya machungwa, au mbegu za ule mti wa maua ya njano kama tarumbeta wenye tunda gumu la kijani, mpeleke hospitali haraka na ubebe tawi lake. Ule wa njano unaathiri moyo. Kama una watoto wadogo nakuomba usiupande kabisa.

Mapengo yakibaki baada ya yote haya yazibe mwanzoni mwa masika, na shimo la kuziba pengo liwe kubwa kuliko la mwanzo, upana futi mbili, maana mche mpya unashindana na wakubwa. Mimi upande wa mashariki nilifungua mtaro vuli iliyopita na haibiskasi zimefika mabegani, upande wa barabarani bado zipo magotini, mboji nimesharundika, nasubiri mvua ya kwanza tu ilainishe udongo nianze kuchimba.